Attahiru Jega na Karatasi ya Matokeo

Mheshimiwa mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, na ninyi mliokosa viti mkasimama kule nyuma: asanteni kwa kuja, na poleni. Nitajitahidi miguu yenu isinilaani.

Nimepewa mada pana, utumishi wa umma na vyuo vikuu barani Afrika. Mada kama hiyo ukiivaa yote inakuangusha. Nimeikata nikabakiwa na kipande kimoja, maisha ya kazi ya mtu mmoja, Profesa Attahiru Jega wa Nigeria. Alikuwa kiongozi wa chama cha wahadhiri, akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Bayero kule Kano, kisha kwa miaka 5 akaendesha uchaguzi wa nchi yenye watu wengi kuliko zote Afrika.

Naanza na karatasi.

Jumamosi, Aprili 2, 2011. Wanigeria wanachagua wabunge. Foleni zimeshapangwa tangu asubuhi, kwingine watu wameshahakikiwa majina. Mchana mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, ndiye Jega, anatokea kwenye televisheni na kusema uchaguzi umesimamishwa nchi nzima. Sababu? Fomu za matokeo hazijafika sehemu nyingi. Masanduku yapo, wino upo, askari wapo, wapiga kura ndio hao wamesimama juani, lakini ile karatasi ambayo msimamizi wa kituo anaandika fulani kapata ngapi na fulani kapata ngapi, mawakala wakatia saini, haipo. Mzabuni alijitetea kwamba ndege za mizigo zilikuwa zimeelekezwa Japani, ambako tetemeko na tsunami vilikuwa vimepiga wiki tatu kabla. Jega aliusema utetezi huo hadharani, kisha akaomba radhi, akasema jukumu ni lake. Akasogeza uchaguzi hadi Jumatatu. Vyama vikamwambia Jumatatu ni karibu mno, akausogeza tena hadi Jumamosi iliyofuata, Aprili 9.

Niliisikia habari ile redioni nikiwa nasahihisha mitihani, nikacheka. Si kwa dharau, ila niliitambua aibu ile. Nimekuwa mratibu wa mitihani wa kitivo kwa miaka 6, katika chuo ambacho sitakitaja. Mwaka mmoja wanafunzi 300 waliketi ukumbini, kalamu mkononi, na bahasha ya maswali ikawa haionekani. Wasimamizi tupo, saa inasonga. Mwenzangu mmoja, Mungu amrehemu, akapendekeza tuandike maswali ubaoni kwa kukumbuka. Ukikubali, mtihani unafanyika na hakuna atakayekuandika gazetini. Lakini miezi sita baadaye mwanafunzi aliyefeli atakuja kuuliza maswali yale yalipitishwa na nani, na hutakuwa na jibu. Tuliwarudisha mabwenini. Tulitukanwa wiki nzima.

Ninachotaka kuwaambia leo ni hiki: Jega aliuendesha uchaguzi kama mtihani. Alichukua watu wa chuo, taratibu za chuo na ule ukaidi wa chuo kuhusu karatasi, akavitoa nje ya geti. Pale palipofaa, vilifaa sana. Pale palipogoma, viligoma kwa sababu hiyo hiyo.

Turudi nyuma kidogo. Alizaliwa Januari 1957 katika mji wa Jega, ambao leo uko jimbo la Kebbi, kaskazini magharibi. Kama Wahausa wengi, jina la mji ndilo likawa jina lake la mwisho. Akasoma sayansi ya siasa Kano, akaanza kufundisha hapo hapo Bayero, akaenda Chuo Kikuu cha Northwestern kule Illinois, Marekani, akarudi na shahada ya uzamivu mwaka 1985. Zingatieni mwaka huo. Agosti 1985 ndipo Jenerali Ibrahim Babangida alipotwaa madaraka. Daktari kijana anarudi nyumbani, akutane na marekebisho ya uchumi, thamani ya naira ikaporomoka, vitabu havinunuliki, na mshahara wa mhadhiri ukawa wa kuchekesha. Wale wa rika langu hamhitaji kueleziwa. Hapa kwetu tuliuza maandazi.

Chama cha wahadhiri wa Nigeria kinaitwa ASUU, na kama hamkijui, kiulizieni kwa Mnigeria yeyote aliyesoma chuo kikuu, atawahesabia migomo yake kama mtu anavyohesabu watoto. Babangida alikipiga marufuku mwaka 1988, kikaruhusiwa tena mwaka 1990, kikagoma, kikapigwa marufuku tena Agosti 1992. Siku chache tu baada ya marufuku hiyo ya pili, Septemba 3, 1992, serikali iliyokuwa imesema chama hakipo ilitia saini makubaliano na chama hicho hicho. Rais wa chama wakati huo alikuwa Jega, mtu wa miaka 35. Sijui shule nyingine ya uongozi inayomfundisha mtu mapema hivyo kwamba amri ya serikali na hali halisi ni vitu viwili, na kwamba kinachobaki baada ya kelele ni waraka wenye saini.

Kisha akahamia upande wa pili wa meza. Alikuwa naibu wa Makamu Mkuu wa Chuo katikati ya miaka ya 1990, baadaye akaongoza kituo cha utafiti wa demokrasia cha Bayero kilichomo katika Mambayya House, nyumba aliyoishi Aminu Kano, yule mwanasiasa wa wanyonge wa kaskazini. Mwaka 2005 akawa Makamu Mkuu wa Chuo. Wageni wetu wajue kwamba Nigeria, kama hapa, anayeendesha chuo kila siku ni Makamu. Mkuu wa Chuo, ambaye kule mara nyingi ni mfalme wa jadi, ni wa kuvaa joho siku ya mahafali. Makamu ndiye wa kutafuta maji ya mabweni na mafuta ya jenereta. Na mwaka 2009 ASUU ilipogoma kwa takribani miezi minne, aliyekuwa ameketi kwenye ofisi ya utawala huku madarasa ni matupu alikuwa rais wa zamani wa ASUU. Natamani angeandika kitabu kizima juu ya miezi hiyo minne tu.

Sasa, uchaguzi. Nigeria ina desturi ya kuwakabidhi maprofesa masanduku ya kura, na desturi hiyo haikuanza kwa Jega. Eme Awa, aliyewahi kuongoza tume, alikuwa profesa. Humphrey Nwosu, aliyeendesha uchaguzi wa Juni 12, 1993, ambao wengi bado wanauhesabu kuwa safi kuliko yote iliyoutangulia, alikuwa profesa wa sayansi ya siasa. Alikuwa ameshaanza kutangaza matokeo yanayoonyesha mgombea Moshood Abiola anaongoza, utawala wa kijeshi ukamzuia, na Juni 23 ukaufuta uchaguzi wote. Maurice Iwu, aliyeendesha uchaguzi wa 2007, naye profesa, mtaalamu wa dawa za mimea. Uchaguzi ule ulikuwa mbovu kiasi kwamba aliyeshinda, Rais Umaru Yar'Adua, alikiri kasoro zake katika hotuba ya kuapishwa. Kwa hiyo uprofesa peke yake si dawa, na tutarudi hapo.

Yar'Adua akaunda kamati ya marekebisho chini ya Jaji Mkuu mstaafu Muhammadu Uwais. Jega alikuwa mjumbe wake. Yaani kabla hajapewa tume, alikwisha kukaa mwaka mzima na zaidi akiorodhesha magonjwa yake. Yar'Adua akafariki Mei 2010, Goodluck Jonathan akaapishwa, na mwezi uliofuata akamteua Jega. Jonathan ni wa kusini, mwenyekiti ni Mwislamu wa kaskazini, na wapinzani wakakubali. Kwa Nigeria hilo si jambo dogo.

Alikuwa na miezi isiyofika kumi. Daftari la wapiga kura alilolikuta lilijaa majina ya watu wasiokuwepo, basi akaamua kuandikisha nchi upya, kwa alama za vidole na picha, mwanzoni mwa 2011. Nani afanye kazi hiyo? Hapa ndipo mtu wa chuo anapoonekana. Wanigeria wana utaratibu wa tangu 1973, NYSC, ambapo mhitimu wa chuo hutumikia taifa kwa mwaka mmoja, kwa kawaida katika jimbo lisilo lake. Ni kama JKT ila bila paredi nyingi. Jega akawachukua vijana hao kwa maelfu wawe waandikishaji, na baadaye wawe makarani wa vituo. Kijana wa Enugu, kusini, akisimamia kituo Sokoto, kaskazini, hana shangazi wa kumwendea jioni kumwomba amwongezee mgombea wake kura 200. Majina milioni 73 na nusu yaliandikishwa.

Na hesabu inapotoka kituoni kwenda juu? Hapo zamani ndipo wizi mkubwa ulipofanyika, njiani, kati ya kituo na makao makuu. Jega akaweka wahadhiri kwenye ngazi za kujumlisha kura, na kwa kura za urais, mjumlishaji wa kila jimbo akawa Makamu Mkuu wa Chuo kikuu fulani. Matokeo yalipofika Abuja hayakuletwa na faksi. Profesa mzima alisafiri na fomu zake, akasimama mbele ya kamera, akataja jina lake na chuo chake, akazisoma namba moja moja mpaka kura zilizoharibika, na akajibu mawakala. Niliwahi kuketi kwenye seneti ya chuo siku ya kupitisha matokeo ya mitihani. Ni kitu kile kile, hata uchovu ule ule na kusafisha koo kule kule. Hapa Tanzania mnakumbuka kesi ya wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi: Mahakama Kuu ikakataa mwaka 2019, Mahakama ya Rufani mwaka huo huo ikaruhusu. Sitaingia humo leo, najua mwenyekiti ananitazama. Nasema tu kwamba Jega aliliuliza swali lile lile, la nani asome namba, na jibu lake likawa: asome mtu ambaye kesho ana wanafunzi wa kumtazama usoni.

Uchaguzi wa 2011 ulipita, Jonathan akashinda kwa kura milioni 22 na ushei dhidi ya milioni 12 za Muhammadu Buhari, mpinzani wake wa kaskazini. Na hapa lazima tusimame. Baada ya matokeo, kaskazini ikawaka. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliokufa kuwa zaidi ya 800. Katika jimbo la Bauchi waliuawa vijana 10 wa NYSC. Watoto wa watu, waliopelekwa mbali na kwao kwa sababu nzuri niliyowaeleza sasa hivi, kwamba hawana shangazi wa karibu. Sababu hiyo hiyo ndiyo iliyowakosesha mlango wa kukimbilia. Ninapofundisha habari ya Jega siipiti sehemu hii haraka. Utaratibu bora kwenye karatasi ulikuwa na bei, na walioilipa hawakuwa wao waliouandika.

Nadhani hilo linaeleza jambo lililotokea miaka minne baadaye. Uchaguzi wa 2015 ulipangwa Februari 14. Wiki moja kabla, usiku wa Jumamosi ya Februari 7, Jega akatangaza kuusogeza hadi Machi 28. Wakuu wa usalama walikuwa wamemwandikia kwamba wanaanza operesheni ya wiki sita dhidi ya Boko Haram kaskazini mashariki na hawawezi kulinda vituo. Wapinzani walipiga kelele, wakaona ni hila ya serikali kununua muda. Pengine ilikuwa hila. Jega alisema tume iko tayari, ila hawezi kuwapeleka watumishi na wapiga kura mahali ambapo usalama wao hauna mdhamini. Ukikumbuka Bauchi, utaelewa kwa nini hakubisha.

Ila msimwonee huruma sana. Kadi mpya za kudumu za wapiga kura, zenye chipu, zilikuwa zimechukuliwa na milioni 45.8 tu kati ya milioni 68.8 walioandikishwa. Zile wiki sita zilipokwisha, kadi zilizochukuliwa zilikuwa zimefika milioni 56. Waliosogeza siku ili wampunguzie mpinzani nguvu, kama ndivyo, walimwongezea wapiga kura.

Kuna kosa lake moja la mwaka 2014 ambalo naliona linamfundisha mtu wa utawala kuliko mafanikio yote. Vituo vya kura vilikuwa karibu 120,000, vimepangwa tangu enzi za jeshi. Miji imekua, kituo kimoja kina watu 3,000 na kingine 50. Jega akapiga hesabu, akapendekeza vituo vipya kama 30,000. Hesabu ikatoa zaidi ya 21,000 kaskazini na zaidi kidogo ya 8,000 kusini. Ndugu zangu! Kimahesabu huenda alikuwa sahihi mpaka nukta ya mwisho. Lakini mwenyekiti wa kaskazini, miezi michache kabla ya uchaguzi kati ya mtu wa kusini na mtu wa kaskazini, anatoa jedwali la namna hiyo? Kusini walipandisha hasira, mpango ukawekwa kabatini. Mratibu wa mitihani husahau kwamba orodha ya alama inasomwa na watu waliokwisha kuamua nani anapendelewa.

Machi 28 kulikuwa na vifaa vya kusoma kadi, ambavyo vilimtaka mpiga kura aweke kidole ili kifaa kithibitishe kuwa kadi ni yake. Kule Otuoke, kijijini kwake, Rais Jonathan mwenyewe aliweka kidole, kifaa kikamkataa. Kikaletwa kingine, kikamkataa. Akahakikiwa kwa daftari, taifa zima likitazama. Tume ilieleza baadaye kwamba baadhi ya makarani hawakubandua utando mwembamba wa plastiki unaofunika kioo. Utando! Mnaonunua simu mpya mkauacha miezi sita ili simu ibaki mpya, mnajifahamu.

Jumanne, Machi 31, katika ukumbi wa mikutano ya kimataifa Abuja, matokeo yanasomwa jimbo baada ya jimbo na Buhari anaongoza. Godsday Orubebe, waziri wa zamani, wakala wa chama tawala, akakamata kipaza sauti na kumshutumu Jega kwa upendeleo. Hoja yake haikuwa upuuzi mtupu: alisema tume ilituma timu kuchunguza malalamiko ya wapinzani katika jimbo la Rivers, kusini, lakini malalamiko ya chama chake kuhusu majimbo ya kaskazini hayakupewa uzito huo. Na matokeo ya Rivers yenyewe, karibu kura milioni 1.5 kwa Jonathan, yaliacha wengi wakikuna kichwa, ila tume iliyaacha yasimame. Ila Orubebe alichagua kupaza sauti na kukaa chini kwenye zulia. Vurugu ikaendelea dakika nyingi, moja kwa moja kwenye televisheni.

Jega hakuita askari wamtoe. Alikaa. Mikono mezani. Kisha akajibu kwa sauti ile ile aliyokuwa akisomea namba, akamkumbusha kuwa yeye ni waziri wa zamani na kwamba mtu wa hadhi hiyo apime maneno yake, akaeleza barua ipi ilifika na ilijibiwaje, akaomba jimbo linalofuata. Watu husema ni upole wa kuzaliwa. Mimi sikubali. Mtu aliyeongoza mikutano ya ASUU ameshapigiwa kelele na mafundi wa kelele.

Jioni ile Jonathan alimpigia simu Buhari kumpongeza, kabla hata matokeo hayajakamilika. Usiku wa kuamkia Aprili 1 yakatangazwa: Buhari 15,424,921, Jonathan 12,853,162. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Nigeria rais aliyeko madarakani alishindwa kwenye sanduku. Sifa ya usiku ule ni ya Jonathan pia, na wanaoisimulia kama ushindi wa mwenyekiti peke yake wanadanganya. Karatasi safi haimlazimishi mtu kunyanyua simu.

Muda wake ulikwisha Juni 30, 2015. Alikuwa ameshasema hataki kipindi cha pili. Akarudi Bayero kufundisha sayansi ya siasa.

Niliahidi kurudi kwenye uprofesa. Machi 2021 mahakama kule Akwa Ibom ilimhukumu profesa wa sayansi ya udongo wa Chuo Kikuu cha Calabar kifungo cha miaka 3 kwa kutangaza matokeo ya uongo katika uchaguzi wa seneti wa 2019. Alikuwa mjumlishaji, katika utaratibu ule ule alioujenga Jega. Wanafunzi wangu huniletea kesi hii kwa furaha, kana kwamba wamenikamata. Mimi naisoma hivi: alifungwa kwa sababu kulikuwa na fomu za kulinganisha na alichosoma, na kwa sababu jina lake lilikuwa juu ya fomu hizo. Lakini nakiri pia kwamba kama hongo imeshazoea kupanda ngazi za kitivo, ukiwaita wahadhiri kwenye uchaguzi unaiita nayo.

Leo Jega anashughulika na mifugo. Rais Bola Tinubu alimfanya mwenyekiti mwenza wa kamati ya marekebisho ya ufugaji mwaka 2024, na mwaka 2025 akamteua mshauri wake wa mambo hayo. Msicheke. Katika majimbo ya Plateau na Benue wakulima na wafugaji wamekuwa wakiuana miaka mingi, vijiji vinachomwa, na yeye ni mtoto wa kaskazini anayetakiwa aaminiwe na pande zote mbili kwa mara nyingine. Safari hii hakuna saa ya kufunga kituo, wala fomu ya kusainiwa na mawakala, na ng'ombe hawana daftari. Nina hamu ya kuona atafanya nini bila karatasi yake.

Mwenyekiti, naona mikono imeshainuka. Tuanze na dada pale karibu na mlango, halafu yule kaka aliyesimama tangu mwanzo. Yeye kwa kweli ana haki.